Divai ya Povu Haingoji

Joto la siku hiyo lilikuwa la kumgombanisha mtu na shati lake mwenyewe, na mashine ya barafu ikachagua siku hiyo hiyo kufa. Haikuaga. Asubuhi ilikuwa ikiangusha vipande vyake vizuri tu. Mchana Ukwaju alipofungua mlango wake achote barafu ya kujaribia kinywaji, alikuta maji ya vuguvugu yamelala chini. Akaufunga. Akaufungua tena, maana binadamu ndivyo tulivyo, tunadhani kitu kikifunguliwa mara ya pili kitaona haya.

Ukwaju si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na shangazi yake angali mtoto, kwa hoja kwamba ukimwonja mara ya kwanza unakunja uso, na ukishamzoea huwezi kuacha. Sasa alikuwa mwanamke mzima, ndiye mwenye kaunta ya vinywaji katika mgahawa wa shangazi huyo huyo, na jina limemganda. Hata wateja walimwita hivyo, naye aliitika.

Jioni hiyo veranda ya nyuma ilikuwa inafunguliwa kwa msimu wa joto. Viti vilikuwa vimeshapakwa rangi, vitambaa vimeshatandikwa, na Ukwaju alikuwa ameahidi kinywaji kipya ambacho hakuna mgahawa mwingine mtaani uliokuwa nacho: divai nyekundu ya povu, ile inayochemka yenyewe ukiimimina, ndani ya jagi la matunda yaliyolala kwenye sukari na ndimu. Alikuwa ameshaiona kichwani, nyekundu, baridi, vipande vya chungwa vikipanda na kushuka. Kilichobaki ni kuitengeneza kweli, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Liwalo na liwe," alisema, akaichukua chupa iliyokuwa imesahaulika juu ya kaunta tangu asubuhi, karibu na dirisha lenye jua.

Mtu mwenye kazi yake hawezi kufungua divai ya povu ikiwa na joto. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika mgahawa ule. Lakini moyo ukiwa na lake mikono nayo hufanya yake, na kabla hajageuza kizibo vizuri kikamponyoka, kikapiga dari, na povu jekundu likatoka kwa hasira likamwagika kwenye kaunta, kwenye ubao wa kukatia matunda, na kwenye aproni nyeupe aliyoifua jana.

Shangazi akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Hiyo divai imekukosea nini?"

"Imepata joto tu, Shangazi."

"Hata wewe umepata joto. Zamani ulikuwa unafungua chupa hizo huku umefumba macho." Akamrushia kitambaa. "Futa. Nimeshampigia Fundi, yuko njiani."

Ukwaju akasimama na kitambaa mkononi.

"Fundi yupi?"

"Unajua mafundi wangapi wa mashine za barafu, mwanangu? Mimi namjua mmoja. Na usinikunjie uso. Wageni wangu hawatakunywa maji ya moto kwa sababu ninyi wawili mmenuniana."

Akarudi jikoni, na Ukwaju akabaki akifuta kaunta mahali pamoja pale pale.

Ukweli ni kwamba Fundi alikuwa wake. Ndiyo, watu hawakuwa wametangaziwa, lakini nani hakuwa na macho? Tangu mwaka jana alikuwa akija kukagua friji za mgahawa ule mara nyingi kuliko friji zilivyohitaji, mpaka friji zikawa na afya kuliko wenye mgahawa. Alikuwa mrefu, mpole, mikono yake mikubwa lakini myepesi, na maneno yake ya kuhesabu. Ukwaju alipomwonjesha kinywaji chochote, Fundi alikuwa na jibu moja: "Kizuri." Kiwe kichungu, kiwe kimechacha, kizuri. Mwanzoni Ukwaju alicheka. Baadaye akaanza kutamani siku moja mwanamume huyo aseme jambo lingine.

Kisha ikaja siku ya kupelekwa nyumbani kwao kumwona mama yake. Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu, na mtaani kote aliitwa Mkunga, kwa heshima ambayo wengine hupewa majaji. Wakala, wakaongea mambo ya hali ya hewa. Ukwaju akapeleka vyombo jikoni, na alipokuwa anarudi kuchukua jagi la maji, akasikia kupitia pazia sauti ya Mkunga ikisema:

"Basi mwache. Umeshamwambia?"

Na sauti ya Fundi ikajibu, "Bado, mama."

Angesema hapana, Ukwaju angerudi mezani akaketi. Hapana ni mlango uliofungwa, unajua uko upande gani. Lakini bado? Bado maana yake jambo lipo, linakuja, limechelewa njiani tu. Mwanamume aliyeulizwa kama ameshamwambia mwanamke kwamba anamwacha akajibu bado, huyo mwanamke asubiri nini tena? Ukwaju aliweka kitambaa cha vyombo, akatoka kwa mlango wa jikoni, akaenda zake bila kuaga. Fundi alipiga simu siku za mwanzo. Ukwaju hakupokea. Kisha simu zikakoma, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ndipo alipoomba kazi katika hoteli moja kubwa, safari ya kutwa kutoka pale. Wala hakuipenda hoteli hiyo. Alikuwa anamkimbia mtu, na hoteli ndiyo iliyotokea njiani. Wakamkubali haraka, na meneja alikuwa ameahidi kupiga simu leo, kabla ya jioni, apate neno lake la mwisho. Shangazi alijua, na hakuwa amesema kitu zaidi ya kukuna nazi kwa nguvu siku nzima.

Gari la Fundi likaegeshwa nje. Ukwaju aliijua injini yake. Akajipanga uso, akavua aproni iliyolowa akaigeuza, akachukua kisu na chungwa awe na shughuli. Mlango ukafunguliwa, na aliyeingia wa kwanza hakuwa Fundi. Alikuwa Mkunga, na gauni lake la maua na miwani mipya.

"Shikamoo, mama," Ukwaju alisema, chungwa likimponyoka.

"Marahaba, binti. Nilikuwa napelekwa kuchukua miwani, tukapigiwa simu. Ndani ya gari ni tanuri. Nimeona nije nikae penye watu."

Nyuma yake akaingia Fundi, na sanduku la vifaa begani. Alikuwa amekonda. Ukwaju aliliona hilo kwanza, kabla ya kukumbuka kwamba amekasirika. Na yeye Fundi akamtazama kama mtu anayeangalia nyumba aliyowahi kuishi.

"Habari," akasema hatimaye.

"Nzuri. Mashine iko kule kule."

"Haya."

Akapita. Harufu yake ya sabuni ikapita naye, na Ukwaju akaokota chungwa lake chini ya kaunta, akakaa huko chini muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Shangazi akatoka jikoni akamkumbatia Mkunga, wakaitana dada, wakaulizana magoti. Kisha Shangazi, ambaye hakuzaliwa jana, akasema ana chungu motoni, akatoweka. Mkunga akapanda kwenye kiti kirefu cha kaunta, akaangalia ubao, matunda, chupa.

"Nipe kisu."

"Mama, utachafuka."

"Mikono hii imeshachafuka kwa mambo mazito kuliko chungwa. Siwezi kukaa nikitazama mtu akifanya kazi. Vipande vyembamba au vinene?"

"Vyembamba. Na ganda lake, mama. Harufu iko kwenye ganda."

Wakakata. Mkunga alikata machungwa, Ukwaju akakata stroberi na nanasi, na tufaha moja la kijani kwa ajili ya ukali. Akavimwaga vyote kwenye jagi, akanyunyiza sukari, akakamua ndimu juu yake, akaanza kuvigeuza taratibu kwa kijiko kirefu.

"Mbona hujatia divai?"

"Divai ni mwisho kabisa. Kwanza matunda yakae, yatoe maji yake. Halafu barafu. Halafu wageni wawe wameshakaa na glasi ziko mbele yao. Ndipo unamimina, polepole, ukiinamisha jagi. Unakoroga mara moja tu kutoka chini. Ukishaimimina haingoji mtu, mama. Ukizubaa povu linakufa, unabaki na maji mekundu ya sukari."

Mkunga akatazama upande wa nyuma, ambako mlio wa spana ulikuwa ukisikika.

"Kamweleze hayo huyo mwenye sanduku."

Ukwaju alikoroga ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Siku ile," Mkunga akasema, na sauti yake haikupanda wala kushuka, "ulitoka kwangu bila kuaga. Nilikuwa nimekuwekea kifurushi cha kwenda nacho nyumbani. Nilikukosea nini?"

Hakuna swali gumu kama la mtu mzima anayeuliza kwa upole. Ukwaju akaweka kijiko chini.

"Nilisikia, mama. Sikukusudia, nilikuwa narudi kuchukua jagi. Ulimwambia aniache. Ukamuuliza kama ameshaniambia. Akasema bado."

"Ukasikia hayo tu?"

"Yalitosha."

Mkunga akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Binti, mwanamke akiwa anajifungua, anayepita nje akisikia ule ukelele wa mwisho akakimbia, atakwenda kusema mama amekufa. Mimi hubaki ndani mpaka mtoto alie. Wewe ulishika mkia ukasema ng'ombe mzima unaye." Akavaa miwani. "Nilimuuliza mwanangu, huyu binti unamtaka awe mkeo? Akasema namtaka. Nikauliza, na yeye mwenyewe anajua? Akaangalia sahani. Nikamwambia, usimpotezee ujana wake. Kama huna ulimi wa kumwambia, basi mwache. Umeshamwambia? Ndipo aliposema bado."

Ukwaju alihisi damu ikimpanda usoni, ikashuka, ikapanda tena. Siku zote zile. Usingizi wote ule aliokosa, na kumbe alikuwa akilia juu ya neno lililokuwa lake.

"Asiyeuliza hanalo ajifunzalo," Mkunga akasema. "Lakini na yeye si mtakatifu. Ngojangoja huumiza matumbo."

"Mimi nilidhani hunitaki kwa sababu ya kaunta, mama. Kwamba nauza pombe."

"Sikudanganyi, siipendi. Kama ningechagua mimi, angeoa mwalimu, anarudi nyumbani jua likiwa bado juu." Akaokota kipande cha chungwa akakila. "Lakini nami nilifanya kazi usiku maisha yangu yote. Mama mkwe wangu alisema mwanamke gani anatoka nyumbani watu wanapolala. Baba yake huyu alikuwa ananipokea mlangoni alfajiri, chai iko tayari. Sasa nikukataze wewe, nitamwangaliaje Mungu?"

Ukwaju akacheka, na katika kucheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye ndimu, ikawa balaa. Mkunga akampa kitambaa.

"Naye alikuwa bubu hivi hivi, baba yake. Alikuwa seremala. Alinichumbia kwa viti. Kila akija analeta kiti, anakiweka, anaondoka. Nyumba ya wazazi wangu ikajaa viti hata pa kupita hapakuwepo. Mwisho nikakaa kwenye kimoja, nikamwambia, leo hutoki mpaka useme umekuja kufanya nini. Akasema."

"Basi na mimi nikamwambie hivyo hivyo."

"Usithubutu." Mkunga akamshika kiganja. "Tuliishi vizuri, sina la kumlaumu. Lakini mpaka anazikwa, kuna swali moja sikupata jibu lake. Kama nisingemlazimisha, angesema? Sitaki ubaki na swali hilo. Nilichokwambia hapa kibaki hapa. Akisema, aseme mwenyewe."

Basi hapo ndipo ulipo ugumu wa mambo. Kujua kwamba unapendwa, na kuzuiwa kusema kwamba unajua. Ukwaju alimimina kwenye glasi maji kidogo ya yale matunda, akaongeza tone la divai kutoka chupa ya baridi iliyokuwa kwenye friji, akachukua mrija, akaenda nyuma.

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, mfuniko uko chini, shati limemganda mgongoni. Alipomwona akataka kusimama, akagonga kichwa.

"Pole," Ukwaju akasema.

"Si kitu."

"Imeharibika nini?"

"Feni. Vumbi liliziba, ikachoka. Nimeshaisafisha. Ngoja ipoe kidogo, itaanza."

Ukwaju akachovya mrija kwenye glasi, akaziba tundu la juu kwa kidole kama afanyavyo kila anapoonja, akamnyooshea. Tone jekundu lilikuwa limening'inia. Fundi akainamisha kichwa akalipokea mdomoni, na kwa sekunde hiyo walikuwa karibu mno, kope zake zina vumbi la feni, na Ukwaju alilazimika kuangalia ukuta.

"Enhe?"

Alijua jibu. Kizuri.

Fundi akameza. Akakunja uso kidogo.

"Hapana," akasema. "Tamu mno."

Ukwaju akamgeukia.

"Umesemaje?"

"Sukari imezidi. Divai haisikiki." Akajikuna shingo. "Samahani. Nimekuwa nikifikiri, siku hizi. Kwamba labda nilikuwa nakuudhi kwa kusema kila kitu kizuri. Kile cha tangawizi kilikuwa kibaya sana."

"Ulikunywa glasi nzima."

"Niliumwa tumbo."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha kujibana, na ilikuwa kama dirisha limefunguliwa. Ukwaju alisubiri. Sasa, moyo wake ulisema. Sasa aseme. Aliona maneno yakimpanda Fundi kooni, aliyaona kabisa. Kisha yakashuka.

"Nimepata kazi," Ukwaju akasema, kwa sababu kimya kilikuwa kinamuumiza. "Hoteli ya mbali. Meneja anapiga simu leo apate jibu. Nikisema ndiyo, Jumapili naondoka."

Fundi akabaki na bisibisi mkononi.

"Ni kazi nzuri?"

"Wanasema nzuri."

Akatazama mashine, akatazama bisibisi.

"Wana mashine ya barafu?"

Jamani. Mwanamke anakwambia anaondoka, unamuuliza habari za barafu. Ukwaju akachukua glasi yake.

"Watakuwa nayo," akasema, akarudi kaunta.

Alikuwa ameshaamua kabla hajafika. Kama mtu hawezi, hawezi. Hata ukimpenda kiasi gani huwezi kumwazima ulimi. Mkunga alimsoma usoni, akashusha pumzi. Shangazi naye alikuwa ametoka jikoni, akisingizia kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mkononi mwake. Ukwaju akakamua ndimu nyingine juu ya matunda, akaweka majani ya mnanaa, akapanga glasi nne. Kama anaondoka, angeondoka akiwa ameacha kinywaji kilichokamilika.

Kutoka nyuma ukasikika mngurumo, kisha, baada ya muda, vipande vya barafu vikaanza kuanguka. Fundi akaja na ndoo imejaa, maji yakimchuruzika mikononi, akaiweka juu ya kaunta. Ukwaju akajaza jagi barafu bila kumtazama. Akatoa chupa nyingine ya baridi kwenye friji, akashika kizibo, akakigeuza polepole, kikatoka kwa pumzi tu. Akainamisha jagi akamimina. Divai ikashuka kati ya machungwa na stroberi, ikachemka, ikapanda na povu la waridi mpaka karibu na ukingo. Akakoroga mara moja, kutoka chini.

Simu yake ikalia juu ya kaunta.

Wote wanne wakaitazama. Ukwaju akafuta mikono, akanyoosha mkono.

"Usipokee," Fundi akasema.

"Kwa nini?"

Simu iliendelea kulia. Shangazi akafungua mdomo, Mkunga akamkanyaga mguu. Povu ndani ya jagi likapasuka taratibu, kapovu baada ya kapovu. Simu ikakoma. Fundi alikuwa amesimama pale pale, kifua kikipanda na kushuka, na Ukwaju akahisi matumaini yake ya mwisho yakitulia chini pamoja na matunda.

Simu ikalia tena.

"Ile friji ndogo," Fundi akasema, haraka, macho kwenye kaunta, "ile iliyokuwa inazimika mwaka jana, haikuwa na ubovu. Waya niliulegeza mimi. Shangazi, unisamehe. Nilikuwa nikimaliza kazi nikifikiri nitarudi lini, na mtu hawezi kurudi tu bila sababu. Hii ya leo sikuigusa, naapa. Nimekaa kwenye gari nje ya mgahawa huu jioni nyingi nikipanga maneno. Nikiyapata, wewe unatoka na mkoba wako, unacheka na wenzako, nayasahau yote. Niliposikia Jumapili kule nyuma, nilitaka kulia. Nikauliza habari za barafu. Sijui kwa nini niliuliza habari za barafu." Sasa akamtazama, machoni kabisa. "Nakupenda. Nataka nikuoe. Sitaki uende kwa sababu nilinyamaza. Ukitaka kwenda kwa sababu unaitaka kazi, nenda, nitakuja nyuma yako na sanduku langu, hata huko friji zinaharibika. Lakini usiende hujui."

Hakuna aliyemsikia akisema maneno mengi hivyo. Hata simu ilikuwa imekoma.

"Rudia," Ukwaju akasema.

"Yote?"

"Yale ya katikati."

"Nataka nikuoe."

Ukwaju, ambaye wateja walimwogopa kwa ulimi, akatafuta neno la kumrudishia asilipate. Mkunga alikuwa ametoa kitambaa, si kwa ajili ya miwani.

"Mjibu basi, mwanangu," akasema. "Nimekesha na uzazi mgumu wa kila aina, lakini huu umenimaliza."

"Nimekubali," Ukwaju akasema. "Nilikubali zamani. Na mimi nilikosa, ilinipasa kukuuliza siku ile badala ya kukimbia."

Fundi akazunguka kaunta, akasahau kwamba mikono yake ina maji na grisi, akamshika uso, na aproni nyeupe ikapata madoa mengine ambayo hakuna aliyeyajali. Shangazi akageukia dirisha, akasema joto la mwaka huu linaumiza macho.

Simu ikalia mara ya tatu. Meneja alikuwa mtu wa bidii.

Ukwaju akaichukua, akaitazama, kisha akamkabidhi Fundi.

"Mwambie wewe. Nataka nisikie."

Fundi akaishika kama kitu kinachoweza kuunguza. Akaiweka sikioni.

"Halo? Hapana, si yeye. Haji. Hapana, bwana, haji kabisa." Akasikiliza. "Mimi ni nani?" Akamtazama Ukwaju aombe msaada. Ukwaju akainua nyusi, akaanza kumimina divai kwenye glasi. "Mimi ni mume wake."

"Mume," Shangazi akasema, "na hata mahari hatujaongea."

"Mwache, dada," Mkunga akamjibu, akipokea glasi yake, akionja, akionja tena kwa mshangao. "Mtoto anayechelewa kusema, siku akianza huwezi kumkatiza."

Na kweli hakukatizika. Alikuwa anamweleza meneja habari za divai ya povu, na machungwa yakatwe na ganda, na mchumba wake jinsi alivyo hodari, na kwamba yeye meneja ni mtu mwema kwa kupiga simu mara tatu, maana mbili zisingetosha. Akamwalika harusini. Kisha akanyamaza, akaziba simu kwa kiganja.

"Anauliza harusi ni lini."

Ukwaju akampa glasi, baridi, nyekundu, povu likiwa hai juu yake.

"Mwambie mwezi ujao," akasema. "Kabla hujarudi kwenye ububu wako."